UZI: Kifimbo cha maajabu kinachokufanana wewe. Mti gani, uzito gani, na fundo likae wapi?

mama_jukwaa (Kisumu) | Ijumaa, saa 2:10 usiku

Wadau, salaam. Kuna zoezi linalopendwa sana na vikundi vya maigizo na vya uandishi: kila mtu abuni kifimbo cha maajabu kinachofanana na tabia yake. Shida ni kwamba karatasi zikikusanywa, zote ni dhahabu, almasi, nyoka wawili waliojiviringisha na jiwe la zambarau linalotoa moshi. Ukifuta majina hujui ipi ni ya nani.

Sasa tazameni walioiweza kazi hii. Mzee Kenyatta alikuwa na mgwisho. Moi alikuwa na rungu, na kwenye mazishi ya Kabarak mwezi Februari 2020 likakabidhiwa mwanawe Gideon. Mwalimu Nyerere alikuwa na kifimbo chake kile chembamba. Chora kitu hicho peke yake, bila uso, na msomaji wa umri fulani atakutajia mwenyewe.

Naomba uzi huu uwe wa kifundi. Kifimbo cha kushikika, cha mti unaopatikana kati ya Nakuru na Busia, na kila uamuzi uwe na sababu inayotoka kwa mtu. Wachongaji, wakerezaji, watu wa vifaa vya jukwaani: leteni vipimo. Nguvu za mababu wekeni kando kwanza.

Upande wa tabia natoa njia mbili.

Ya kwanza: usijieleze mwenyewe. Waombe watu 3 wanaokujua, kila mmoja kivyake, wakuandikie neno moja la sifa na moja la lawama. Lawama ndiyo yenye kazi. "Mkarimu" halimwambii fundi chochote. "Hana subira" linamwambia urefu, unene wa ncha na aina ya mti. "Msahaulifu" linamwambia asiweke betri, wala asipake kitu kinachotaka kupakwa upya kila mwezi.

Ya pili: mwache mtu aongee dakika 5 kuhusu jambo linalomkera, na wewe tazama mkono tu. Wengine huongea na vidole, wengine na kifundo cha mkono, wengine na bega zima. Wa vidole anataka kifimbo chepesi cha kuzungushwa. Wa bega ukimpa chepesi, atakipigisha meza siku ya kwanza na ncha itabaki sakafuni.

---

mkereza_nax (Nakuru) | Ijumaa, saa 2:48 usiku

Natoa umbo la msingi, kila mtu ataongeza na kupunguza.

Urefu wote milimita 320. Mshiko 110, unene 20. Mwili 210, unaanza na unene wa 14 pale unapotoka kwenye mshiko na kuishia 6 kwenye ncha. Ujazo wa umbo hilo ni takribani sentimita za ujazo 52, kwa hiyo uzito ni hesabu ya darasa la sita: zidisha 52 kwa msongamano wa mti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Mjakaranda mkavu, kama 0.5, unakupa gramu 26. Mpera, kama 0.75, unakupa 39. Mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu wa nyanda za juu, unakaribia 1.0, basi gramu 50 na ushee, uzito wa yai la kuku. Kwenye karatasi 26 na 50 ni tarakimu tu. Mkononi ni watu wawili tofauti.

Kituo cha uzito cha umbo hilo huangukia karibu sentimita 10 kutoka nyuma, yaani ndani ya mshiko, kidogo kabla haujaisha. Hapo ndipo kidole cha shahada kinapokaa, ndiyo maana kinatulia. Kituo kikisogea mbele, kifimbo huinamisha kichwa na mkono unachoka. Kikirudi nyuma sana, ncha inakuwa nyepesi na kuyumba kila mwenyewe akishtuka.

Mshiko usikisie. Pima upana wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, ongeza sentimita 2. Unene uwe ule ambao ukifumba mkono, kidole gumba na cha kati vinakutana na kupishana kidogo. Mkono mdogo 18, mkubwa 22. Ukizidisha hapo unatengeneza mpini wa jembe.

Mwenye haraka: fupisha mwili hadi 160, ncha iwe 8 badala ya 6. Mtulivu wa kuchagua maneno anaweza kubeba mwili wa 240 na ncha ya 5, mradi nyuzi za mti zinyooke. Hilo la nyuzi ndilo linaloua vifimbo vingi kuliko mengine yote, nitarudi.

---

siala_na_ober (Siaya) | Ijumaa, saa 3:30 usiku

Miti, kwa kadiri inavyopatikana huku kwetu.

Mpera. Mgumu, unapinda kabla ya kuvunjika. Watoto huchagua panda ya mpera kwa manati na hawajakosea. Unamfaa mtu anayeangushwa na kusimama tena, na anayeangusha vitu pia.

Siala (Markhamia lutea, Waluhya wanaita lusiola). Nguzo ya nyumba na mpaka wa shamba. Mchwa hauupendi. Rangi yake haina makeke. Ni wa yule mtu asiyesifiwa mpaka siku asipokuwepo.

Ober (Albizia coriaria). Mzito, kiini cha kahawia iliyokolea, na ukipakana na mbao nyeupe ya nje unapata rangi mbili kwenye kipande kimoja. Kwa mwenye sura mbili, nami silisemi kwa ubaya: wapo watu wa nyumbani na wa kazini.

Mvule. Unavutia, lakini ndani yake mara nyingine mna chembe za chokaa ngumu kama kokoto. Kisu kinalia, makali yanaondoka. Vumbi lake linawasha pua. Mpe yule rafiki mpole ambaye ukimgusa mahali fulani unakutana na jiwe.

Mgrivea. Uko kila shamba, ukipasuliwa vizuri unatoa madoa yanayometa kama magamba ya samaki. Mwepesi kuchonga. Lakini kwa ngozi za baadhi ya watu vumbi lake huleta vipele. Vaa mikono mirefu.

Mbuni, yaani mti wa kahawa. Huu watu wanausahau. Mashamba ya Bungoma na Kisii yanapokata mashina ya zamani ili machipukizi yapande, vinabaki vipande vya unene wa milimita 25 hadi 40, vigumu, vyeupe kama siagi, nyuzi zimebanana hata huzioni. Kwa kifimbo hakuna mti unaolainika zaidi kwa msasa.

Mkaratusi. Acheni. Unapasuka ukikauka, unajikunja, na ukishaacha kujikunja unaanza tena.

Ya kutoguswa: Euphorbia zote. Ile ya ua wa boma, mnyaa, Waluo wanaita ojuok, utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Yale makandelabra makubwa ya Ziwa Nakuru ni jamaa yake, na isitoshe yako ndani ya hifadhi. Thevetia ya maua ya manjano inayopandwa kama ua ni sumu kila sehemu. Kifimbo hushikwa na mtu anayekula mandazi kwa mkono uleule. Na msandali na Prunus africana (mwiri) ni miti inayolindwa, biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Usikate kwa ajili ya mchezo.

---

kijana_wa_bondeni | Ijumaa, saa 3:41 usiku

Kwa maelezo hayo ya mkaratusi nimeshajua wa shemeji yangu.

---

randa_na_msasa (Kakamega) | Ijumaa, saa 9:05 usiku

Nawaona mnaruka kukausha. Mbao mbichi ikichongwa leo, wiki ijayo imekuwa ndizi.

Kata kipande cha sentimita 40, unene wa mraba wa milimita 25 hadi 30. Hizo sentimita 8 za ziada ni za kupasuka: maji hutoka kwenye vichwa vya mbao kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, mara 10 au zaidi, kwa hiyo vichwa hukauka na kunywea wakati katikati bado kumeshiba. Ndiyo nyufa hizo. Siku hiyo hiyo ya kukata, yeyusha mshumaa na uchovye kila kichwa sentimita 2. Siyo kesho. Kesho ufa umeshaingia.

Epuka moyo wa mti, ile tundu au doa la katikati. Mbao hunywea kuzunguka duara karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea moyoni, kwa hiyo kipande chenye moyo ndani lazima kiachie mahali fulani. Shina nene lipasue mara nne, utumie robo. Kwa mbuni, ambao ni mwembamba na moyo umo ndani, kausha polepole zaidi: funga kwenye gazeti, gazeti ndani ya gunia, badilisha gazeti likilowa.

Weka kivulini penye upepo, juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Juu ya dari ya mabati ni tanuri, usiweke. Muda? Nakuru hewa ni kavu, vipande vya 25 huchukua kama miezi 3. Kisumu na ukanda wa ziwa, hesabu 4 au 5, na mvua za Aprili zitakurudisha nyuma. Usihesabu kalenda, tumia mizani ya jikoni: pima kila Jumamosi, andika juu ya kipande chenyewe kwa penseli. Uzito ukikaa palepale wiki 3 mfululizo, anza kazi.

---

mama_jukwaa | Jumamosi, saa 1:20 asubuhi

@randa_na_msasa na mwenye tamasha mwezi ujao afanye nini?

---

randa_na_msasa | Jumamosi, saa 1:52 asubuhi

Atumie mti uliokwisha kauka. Mguu wa kiti kilichovunjika, mpini wa jembe la zamani, mabaki ya fundi wa fanicha. Soko la Kibuye, Kisumu, siku yoyote utapata vipande vinavyosubiri jiko. Uliza kama ni mbao ngumu, ukwaruze kwa ukucha: ukiacha alama ya kina, rudisha. Na msaipresi usichukue hata ukipewa bure, ni mti laini.

Kwa maana ya tabia, mpini wa jembe la bibi una maneno mengi kuliko mti wowote mpya.

---

mkereza_nax | Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

Narudi kwenye nyuzi kama nilivyoahidi.

Kipande usikikate kwa msumeno, kipasue. Weka panga juu ya kichwa cha mbao, gonga kwa nyundo ya mti. Mbao itafuata nyuzi zake yenyewe. Ikipasuka kwa kujipinda, umejua sasa, kabla ya kupoteza siku. Msumeno unanyoosha kisichonyooka: kipande kinaonekana wima, ndani nyuzi zinakimbilia pembeni. Ukishafika kwenye ncha ya milimita 6, nyuzi zikitoka ubavuni ndani ya sentimita 6 au 7, ncha hiyo haivunjiki kwa kupigwa. Inavunjika kwa kuanguka kutoka mezani.

Matawi yaliyolala nayo ni mtego. Tawi la mlalo limejengwa kwa mvutano upande wa juu. Ukilichonga unauachia mvutano huo na kifimbo kinapinda mbele ya macho yako. Chukua chipukizi lililosimama wima kutoka kwenye kisiki.

Na fundo. Mama_jukwaa alisema lawama ndiyo yenye kazi, nami nakubali, kwa hiyo lawama ipewe mahali pake: fundo la mti. Mtu mkaidi, mchoyo, mwenye hasira, chagua kipande chenye fundo moja lililo hai, lililoshikana na mbao. Si lile jeusi linalotikisika. Lakini fundo likae kwenye mshiko, penye unene wa 20, ambapo kidole gumba kitalipapasa. Kwenye mwili mwembamba nyuzi hulizunguka fundo kama maji yanavyozunguka jiwe, hivyo pale hamna nyuzi inayopita moja kwa moja. Ndipo patakapokatika.

Kuchonga kwa mkono: pande 4, kisha 8, kisha 16, ndipo duara. Mwenye kurukia duara kutoka pande nne hupata umbo la yai. Anza na kisu au randa ndogo, maliza na kipande cha kioo au upande wa msumeno uliovunjika kama kikwaruzi. Kwa mashine ya kukereza: usipunguze mwili wote kwa mpigo, ukifika unene wa 10 unaanza kucheza kama kamba ya kuruka. Kereza sentimita 5 hadi kipimo chake cha mwisho, hamia 5 nyingine, ukitoka upande wa ncha kurudi kwenye mshiko. Glavu vua. Mashine hainyang'anyi glavu, inachukua na mkono.

Msasa namba 120, 180, 240. Kwa mbuni na mutamaiyu ongeza 400. Ukiruka kutoka 120 hadi 400 mikwaruzo inajificha mpaka upake mafuta, halafu yote inajitokeza.

---

jiwe_la_tabaka (Kisii) | Jumamosi, saa 7:30 mchana

Hamjataja jiwe. Tabaka kuna jiwe la sabuni la kuchonga na kisu. Kitako cha duara cha unene wa 22 kina uzito wa kama gramu 15, maana jiwe ni zito mara 2.7 ya maji. Kiweke nyuma ya kifimbo cha mpera cha mkereza_nax, na kituo cha uzito kinarudi kutoka sentimita 10 hadi karibu 7. Ghafla ncha inaelea. Hiki ndicho cha mtu wa kusitasita, anayepima kabla ya kusema.

Jinsi ya kufunga: toboa jiwe tundu la milimita 6, kina 12, polepole, keekee isigonge. Toboa mshiko vivyo hivyo. Katikati tia kijiti cha mbao ngumu cha 6, gundi ya epoksi ya mirija miwili, acha saa 24. Usitumie msumari badala ya kijiti. Msumari haupanuki, mbao inapanuka, na jiwe ndilo linaloachia.

Kagua jiwe kwa mwanga kabla ya kununua. Mshipa unaopita katikati ndipo litakapogawanyika likianguka. Piga msasa likiwa limelowa, ndani ya beseni, vumbi lake usilivute. Ukifika msasa namba 800 lipashe joto kidogo juani, paka nta, futa.

---

randa_na_msasa | Jumamosi, saa 8:02 mchana

Hapa nina ubishi na wote wawili. Anayesita mnampa kifimbo kinachoelea, mwenye haraka mnampa kifupi chenye ncha nene. Mnamjengea mtu nyumba ndani ya kasoro yake. Mimi ningemgeuzia: mwenye haraka apewe kirefu, kizito mbele, kimpunguze mwendo.

---

mama_jukwaa | Jumamosi, saa 8:20 mchana

Hiyo ni bakora ya mwalimu, siyo kifimbo cha mwenyewe. Swali la zoezi ni kinachokufanana, si kinachokurekebisha. Na jukwaani ni hasara: mwigizaji akipambana na kifaa, watazamaji huona mapambano, hawaoni mtu.

---

jiwe_la_tabaka | Jumamosi, saa 8:26 mchana

Kuna njia ya kati. Fanya kitako kitoke, kijiti bila gundi, mzingo wa uzi wa pamba ukibana. Siku za kusita weka, siku za moto toa. Lakini uzi utalegea kila kiangazi, basi ongeza mizunguko miwili.

---

waya_na_taa (Eldoret, ila najua barabara ya Nakuru) | Jumamosi, saa 11:00 jioni

Wanaotaka mwanga kwenye ncha, msianze na betri bapa ya CR2032. Ina kipenyo cha milimita 20 na mshiko wenu ni 20. Haiingii popote, na hili watu huligundua baada ya kutoboa.

Tumia LR44 mbili mfululizo. Kila moja kipenyo 11.6, unene 5.4, volti 1.5. Tundu la 12 kwenye mshiko wa 20 linabakiza ukuta wa milimita 4, unatosha kwa mpera, hautoshi kwa mjakaranda. Taa ya LED nyekundu au ya manjano ya milimita 3 inataka kama volti 2, kwa hiyo rezista (kipunguza umeme) ya omu 220 inapitisha kama miliampea 4 na nusu. Gizani jukwaani inaonekana vizuri. Nyeupe na buluu zinataka karibu volti 3 kamili. Zitawaka betri zikiwa mpya, kisha zitafifia upesi na utadhani umekosea waya.

Ncha yenu ya 6 nayo iongezeni hadi 8 kama mnataka LED ya 3 ikae ndani.

Waya hupitaje? Keekee ndefu ya milimita 3 kupenya sentimita 20 bila kutoka ubavuni ni bahati. Pasua kipande katikati kwa msumeno mwembamba kabla hujachonga chochote, chimba mfereji wa milimita 2 kila upande, laza waya, paka gundi ya mbao ukiacha milimita 3 kando ya mfereji, funga. Kufungia hakuna kifaa kinachoshinda ukanda wa tyubu ya baiskeli: zungusha ukiuvuta kwa nguvu, toka mwisho mmoja hadi mwingine. Saa 24. Chonga baadaye, na mstari wa maungio uuelekeze juu na chini, usiwe upande ambao kidole gumba kinasugua.

Na kama lawama yako ni "msahaulifu", narudia ya mama_jukwaa: usiweke betri. Zikivujia ndani huzitoi bila kupasua mshiko.

---

mtazamaji_tu | Jumamosi, saa 2:15 usiku

Samahani kuingilia, lakini mnajua sehemu tulizoko. Kifimbo hiki ukionekana nacho njiani kuna watu hawataona sanaa.

---

sheria_na_mila (Busia) | Jumamosi, saa 2:50 usiku

Swali la msingi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya mwaka 1925, bado ipo. Inachoadhibu si kipande cha mti. Kosa ni kujifanya una nguvu za uchawi kwa lengo la kumtia mtu hofu, kumsumbua au kumdhuru, au kuwa na kifaa cha uchawi kwa lengo hilo. Kifaa cha maigizo hakimo. Lakini umati hausomi sheria, na huku Magharibi na Kisii watu wameuawa kwa kushukiwa tu.

Kwa hiyo ya vitendo: kisafirishwe ndani ya mfuko au sanduku, pamoja na mavazi mengine ya jukwaani. Kwenye orodha ya vifaa vya kikundi kiandikwe "kifimbo, cha maigizo". Usifunge manyoya, nywele, mfupa wala kitambaa chekundu. Vitu hivyo vinasomwa kwa lugha nyingine kabisa hapa, hata kama kwako ni urembo. Usikielekeze kwa mtu asiyekuwa mchezoni, watoto hasa. Wala usikifanyie mazoezi usiku nje ya nyumba, majirani wakasema wamempata mkimbiaji wa usiku, yule anayedhaniwa kuwa mchawi.

---

siala_na_ober | Jumapili, saa 3:10 asubuhi

Kumalizia umaliziaji, maana watu wanapaka vanishi ya milango na kifimbo kinang'aa kama jeneza.

Mafuta ya kitani, yale yanayouzwa kama "boiled", makoti 3. Paka kwa kitambaa, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima kabla ya koti linalofuata. Usipofuta yanakuwa gundi. Kitambaa ulichotumia usikikunje ukakitupa kwenye kona: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kwenye waya, au kitie ndani ya maji.

Baada ya wiki, nta. Gramu 20 za nta ya nyuki kwa gramu 60 za mafuta hayo hayo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya jiko. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, huhitaji kuchemsha. Kiasi hicho kinatosha kikundi kizima. Mafuta ya kupikia hayakauki, yanachacha, na kifimbo kitanuka kama kikaango cha juzi.

Pete ya shaba kati ya mshiko na mwili inapendeza, ila ivalishwe mbao ikiwa kavu kabisa, kwa epoksi. Kifimbo kilichotengenezwa Kisumu msimu wa mvua kikipandishwa Nakuru mwezi wa Januari, mbao inanywea na pete inaanza kuzunguka kama ya mchumba aliyekonda.

---

kijana_wa_bondeni | Jumapili, saa 6:40 mchana

Haya, sasa si mzaha. Maneno ya watu watatu: sifa ni "mchangamfu", "mbunifu", "mcheshi". Lawama zote tatu zinafanana: "hamalizi kazi". Mkono unaongea na kifundo. Kiganja sentimita 8 na nusu. Nipeni kifimbo.

---

mama_jukwaa | Jumapili, saa 7:05 mchana

Watatu wamesema neno moja! Hapo kazi imekwisha kabla ya kuanza. Kifimbo chako kiwe na sehemu isiyochongwa. Sentimita 4 za mwisho za mshiko zibaki na gamba la mti kama lilivyotoka shambani, kisha uchongaji uanze ghafla, mzuri, laini, mpaka kwenye ncha. Mtu akikiona aulize "hiki kimeisha?"

---

mkereza_nax | Jumapili, saa 7:33 mchana

Nakubali. Vipimo: mshiko 105. Mwili 200. Mti uwe mbuni, chipukizi la wima, unene wa 24 na gamba lake, moyo ukiwa katikati kabisa ili usitoke ubavuni kwenye ncha. Uzito utakuwa kama gramu 40, kituo cha uzito kitarudi kidogo nyuma kwa sababu ya gamba, na kwa mtu anayezungusha kifundo cha mkono hiyo ni sawa. Ncha 6. Usiongeze jiwe, usiongeze taa, utaviacha nusu.

Mpaka wa gamba na mbao ukate kwanza kwa msumeno, kina cha milimita 2 kuzunguka, ndipo uchonge kuelekea mstari huo. Bila huo mkato, kisu kitanyanyua gamba lote.

---

kijana_wa_bondeni | Jumapili, saa 7:40 mchana

Nimekubali matusi yote. Gamba halitabanduka lenyewe?

---

siala_na_ober | Jumapili, saa 8:12 mchana

Litabanduka kama umekata wakati wa mvua. Msimu huo tabaka la chini ya gamba limejaa maji na linakua, linateleza kama ganda la ndizi. Kata Januari au Februari, kiangazi kikali. Likikauka, chukua supaglu ile nyepesi kama maji, dondoshea matone kwenye ukingo wa gamba pande zote mbili, itajivuta ndani yenyewe. Subiri ikauke kabla ya mafuta. Ukitanguliza mafuta gundi haishiki. Na usilisugue kwa msasa, piga mswaki mkavu tu.

---

kijana_wa_bondeni | Jumapili, saa 8:15 mchana

Januari ni mbali. Nitakuwa nimeshaacha.

---

randa_na_msasa | Jumapili, saa 8:19 mchana

Kata kipande kirefu cha sentimita 60 leo, chovya vichwa kwenye nta, ukitundike stoo. Gamba likianza kuachia utaliona, utakata pale lilipobaki limeshika. Siala_na_ober atabisha, lakini kwa mbuni mwembamba mara nyingi hubaki sehemu ya kutosha.

---

siala_na_ober | Jumapili, saa 8:31 mchana

Sibishi. Ila funga uzi wa katani kuizunguka hiyo sehemu sentimita kwa sentimita wakati inakauka, na usiufungue mpaka mizani ikae palepale wiki 3.